Kalipa ya Mhunzi Haina Namba

Ukitoka mjini Nakuru kuelekea Nyahururu, unapita Maili Sita na Maili Kumi. Vituo hivi vya eneo la Bahati vilipewa majina enzi za maili. Kenya ilianza kuhamia mita mwishoni mwa miaka ya 1960, na rula ya inchi ikapoteza kazi. Kalipa ya kufuliwa haikupoteza, kwa sababu haina namba hata moja. Ni miguu miwili ya chuma iliyopinda, imeshikanishwa kwa ribiti. Mhunzi huibana kwenye mfano, kisha huipeleka kwenye chuma chekundu kilicho motoni. Ribiti ikilegea, kipimo huhama njiani.

Kati ya vifaa vya mhunzi, ninachokipenda zaidi ni kisahani chembamba chenye mpini, ambacho wauza vyuma chakavu hukidhania kipande cha toroli. Mhunzi alikiviringisha kuzunguka gurudumu la mbao la mkokoteni wa ng'ombe huku akihesabu mizunguko, kisha akakiviringisha ndani ya pete ya chuma. Pete iliachwa ndogo kidogo kuliko gurudumu. Ikitiwa moto hutanuka. Huvishwa upesi, humwagiwa maji, ikasinyaa na kuzibana mbao. Ikiwa ndogo mno, gurudumu hupinda. Ikiwa kubwa, huchomoka barabarani.

Kabla ya kununua kifaa cha zamani cha mhunzi, kagua unene: kazi ya nyundo hailingani kila mahali, na tupa huacha mikwaruzo yake. Alama ya kuchomelea kwa umeme huonyesha kifaa ni cha baadaye au kilitengenezwa upya. Kalipa ya jua kali iliyofuliwa kutoka springi ya gari si bandia. Kwangu ni urithi uleule. Usitumie msasa wala grainda, maana utafuta ushahidi wenyewe. Kitambaa chenye mafuta mepesi kinatosha kuzuia kutu, na ukungu wa Bahati hauchelewi kuileta.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa mali ya kale kifaa kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, hivyo vifaa vya karakana zilizoifuata havifikii kigezo hicho. Mlinzi wa vifaa hivyo ni wewe mnunuzi. Muulize mzee aliyekuuzia kifaa kilifuliwa wapi, na nani, kwa kazi gani, uyaandike majibu siku hiyohiyo. Na kama fundi bado anakitumia, usimshawishi kwa pesa. Mwachie.