Mwalimu wa Gitaa Asiyesikia

Zamani mtu aliyetamani kujua gitaa katika miji yetu alikuwa na njia mbili: ama amwandame mpigaji wa bendi, ambebee ala zake na kumtumikia, mpaka bwana huyo aridhike kumwonyesha vidole viwili vitatu baina ya dansi moja na nyingine, ama anunue santuri na kuisikiliza hata ikwaruzike. Leo mwalimu amo ndani ya simu, wala hachoki wala hakasiriki, na somo lile lile atalirudia usiku wa manane kwa uso ule ule wa bashasha. Neema hii si haba, nami si miongoni mwa wazee wanaoibeza. Lakini mwalimu huyo ana upungufu mmoja usiofichika: yeye huonekana na kusikika, ilhali hamwoni wala hamsikii mwanafunzi wake.

Katika walimu wa namna hii aliyepata sifa kubwa ni Justin Sandercoe, mzaliwa wa Tasmania huko Australia, ambaye mwaka 2003, kabla YouTube haijazaliwa, alianza kutoa masomo ya gitaa bure katika intaneti. Wafanyabiashara walifuata nyuma: kampuni ya Fender ya Marekani, watengenezaji wa magitaa, walifungua masomo yao ya kulipia mwaka 2017, na mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya maradhi ya korona, wakayatoa bila malipo kwa miezi mitatu. Sandercoe ana zoezi moja ambalo kwa rai yangu lashinda masomo mengi marefu. Mwanafunzi huchukua kodi (chord) mbili tu, hutega saa kwa dakika moja, kisha huhesabu ni mara ngapi ameweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine, na hesabu hiyo huiandika ili kesho aishindanishe na mpya.

Tutazame kodi mbili za mwanzo, E na A ndogo. Katika E kidole cha shahada hubana uzi wa tatu kwenye freti ya kwanza, na vidole viwili vinavyofuata hubana uzi wa tano na wa nne kwenye freti ya pili. Ili kupata A ndogo, umbo hilo halivunjwi hata kidogo. Mkono mzima huteremka uzi mmoja kuelekea nyuzi nyembamba, basi. Hayo picha huyaonyesha vizuri kuliko maneno yangu. Lisiloonekana ni kwamba kidole cha mwanafunzi kimelala badala ya kusimama, kikagusa uzi wa jirani na kuuziba sauti. Au kimebana katikati ya nafasi badala ya kusogea karibu na chuma cha freti, hata uzi ukawa unanguruma kama nyuki aliyenaswa chupani. Mwalimu aliyeketi karibu angalikisogeza kidole kile kwa ncha ya kalamu, na taabu ya wiki nzima ikaisha papo hapo. Wa kwenye kioo hutabasamu na kuendelea na somo la pili.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kumlipa mwalimu akufundishe ana kwa ana kwa njia ya video. Dawa hiyo hufaa, ila ina mpaka wake. Wapigaji wawili waliokaa mita 3 mbalimbali husikiana kwa kuchelewa kiasi cha milisekunde 9, jambo ambalo sikio halilijali. Kuchelewa kukizidi milisekunde 30 hivi, kila mmoja huanza kumngoja mwenziwe na mwendo hulegea, na mtandao aghalabu huchelewesha zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi hupiga kwa zamu, hawapigi pamoja. Fauka ya hayo, programu za mazungumzo zimeundwa kwa ajili ya maneno, nazo huweza kuudhania mlio mrefu wa uzi kuwa ni kelele za feni na kuukata, mpaka mtumiaji azime uchujaji huo katika mipangilio.

Jambo la ajabu ni kwamba waliotutangulia walikuwa na upungufu wa kinyume. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mjini Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alichokoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, hata msikilizaji akadhani magitaa ni mawili. Waliomsikia katika santuri hawakuiona mikono yake. Ilikuwa juu ya masikio kufumbua fumbo. Mwingereza John Low, aliyezipenda nyimbo hizo, alifunga safari mpaka Shaba, yaani Katanga hiyo hiyo, kuwatafuta Mwenda na wenzake na kuvitazama vidole vyao, na habari za safari hiyo zikatoka katika kitabu mwaka 1982. Kijana wa leo huviona vidole kabla hajausikia vema wimbo, na huo ndio msiba wake: macho yamemfanyia kazi ambayo masikio yangaliifanya, na akizima simu hajui kama nyuzi za gitaa lake zimepatana.

Tiba haina gharama. Ipo programu ya kupimia nyuzi, lakini na aiweke kando mara kwa mara. Abane uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya tano, akaze au alegeze wa tano mpaka sauti ziwe moja. Afanye vivyo hivyo kwa nyuzi zote, isipokuwa anapoutafuta uzi wa pili, ambapo wa tatu hubanwa freti ya nne. Kisha ajirekodi kwa simu hiyo hiyo na kujisikiliza kesho yake, hasira na fahari zikiwa zimetulia.

Na akitaka kujifunza solo za Mbaraka Mwinshehe, asingoje mtu wa Ulaya amfundishe. Zamani santuri ikizungushwa nusu ya mwendo ili solo ifuatike, sauti ilishuka oktava nzima. Simu hupunguza mwendo na sauti ikabaki pale pale. Achague kipande kifupi, akipunguze, akiimbe kwa mdomo kabla hajagusa shingo ya gitaa, kisha akitafute juu ya uzi mmoja, na mwisho akigawe kwenye nyuzi nyingine mahali ambapo mkono hautasafiri sana. Kipande hicho huenda kikala jioni nzima, na bando litakalotumika ni la kukipakua mara moja tu.