Mtoto wetu wa Kabare: nguo ya masomo peke yake haikutosha



Wengi wenu mnatuuliza yule mtoto wa Kabare tuliyeanza kumsomesha mwaka jana amefika wapi. Leo tunawajibu, na hatutaficha pale tulipokosea.

Kuna mama mmoja aliyekuwa anashuka kila asubuhi kutoka Kabare mpaka Bukavu na mzigo mgongoni, leo makala, kesho mihogo, kamba imepita kwenye paji la uso. Tulizoea kununua kwake. Siku moja alituambia kwamba binti yake wa kwanza ana miaka 8 na hajaingia masomo bado. Sisi wamama 14 wa likelemba tukapatana: kila mmoja atoe franka 1.000 kila juma, kando ya likelemba yenyewe, na mtoto awe wa kikundi.

Mwenzetu mmoja alisema tumlete mjini, akae kwake. Hakuwa na nia mbaya. Lakini tulijiuliza: ni watoto wangapi tumeona wakitolewa vijijini ili wasomeshwe, na mwisho wanaosha vyombo na kuchota maji wakati watoto wa nyumba wanashika njia ya masomo? Mama mwenyewe alikata neno: "Kama mnanisaidia, mnisaidie nikiwa naye." Tukakubali.

Mwezi wa Septemba tulinunua nguo ya bluu na nyeupe, viatu, kaye sita, kalamu na mfuko. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kulitimiza neno hilo. Basi tukafikiri kazi imekwisha. Tukapiga vigelegele.

Mwezi wa Novemba mwalimu akatutumia habari: mtoto anaonekana siku moja ama mbili kwa juma. Tulikasirika. Wengine walisema mama huyo anatuchezea, nguo ameiuza. Tukatuma wenzetu watatu wapande Kabare bila kutangaza.

Walimkuta mtoto mbele ya nyumba. Nguo haikuuzwa, alikuwa ameivaa. Mgongoni alibeba mdogo wake, na mwingine wa miaka mitatu alishika sketi yake. Chungu cha maharagi kilikuwa motoni. Mama alikuwa ameondoka kabla ya jua, na angerudi usiku. Walipomuuliza kwa nini amevaa nguo ya masomo, alijibu kwamba anaivaa kila asubuhi, pengine siku hiyo mama hatashuka mjini.

Wale watatu walirudi kimya. Tulikuwa tumemvika mtoto, lakini mzigo uliomfunga nyumbani tuliuacha palepale.

Siku ya Posho tuliketi na mama, na safari hii tukauliza kwanza. Alisema angeweza kuuza kwenye soko la kwao siku mbili kwa juma, lakini hana mtaji. Tukamkopesha franka 56.000 bila faida, yaani michango yetu ya juma nne. Alianza na chumvi, sabuni na sambaza wakavu. Siku za soko jirani anabaki na wadogo, naye anapewa kipande cha sabuni. Mkopo anaurudisha kidogo kidogo.

Hatusemi mambo yote yametengenea. Wakati wa mvua nyingi soko lilikuwa baya, mama akarudi kubeba mizigo juma mbili, na mtoto akakosa tena. Lakini siku nyingine zote yuko darasani. Anasoma silabi, na jina lake anaandika mwenyewe.

Kama kikundi chenu kinataka kusaidia mtoto wa kijijini, hii ndiyo shauri yetu. Mumuulize mama yake ni nini kinamzuia mtoto, kabla ya kununua kitu chochote. Mtoto abaki kwao. Na muongee na mwalimu kila mwezi, msingoje mwisho wa mwaka.

Siku ya Posho inayokuja tutaanza kuchanga kwa ajili ya mwaka mpya wa masomo. Viatu vya kwanza havimuingii tena.