Bei ya Katani na Umri wa Mfanya Kazi

Bei ya bidhaa ikishuka katika masoko ya Ulaya na Marekani, watu husema kwamba wafanya kazi wameumia, kana kwamba wafanya kazi wote ni mtu mmoja. Neno hilo si uongo, lakini halitoshi. Kijana wa miaka 20, mtu mzima mwenye watoto wanne, na mzee ambaye mikono yake imekwisha kupungua nguvu, hao watatu huweza kufanya kazi katika shamba moja, na bei ikaanguka siku moja kwa wote. Lakini pigo lile haliwafikii siku moja wala kwa njia moja. Twataka kulieleza jambo hili kwa habari za mkonge wa Tanganyika, maana zilikuwa nyumba nyingi, toka Kigoma hata Songea, zilizompeleka mtu wao Tanga.

Mkonge si mmea wa asili wa nchi hii. Uliletwa mwaka 1893 na Mdachi aitwaye Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida katika Marekani. Mingi ilikufa njiani, ikapona 62 tu, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba makubwa tuyajuayo. Katani, yaani nyuzi zitokazo katika majani ya mkonge, zilitakiwa kwa kamba za merikebu, na zaidi kwa uzi wa kufungia ngano na majani makavu ya kulisha ng'ombe. Basi mshahara wa mkataji wa Korogwe ulitegemea haja ya mkulima wa ng'ambo, ambaye hakumjua wala hatamwona maisha yake.

Anguko kubwa la kwanza lilikuja baada ya mwaka 1929, biashara ya dunia nzima ilipoharibika. Katika muda wa miaka michache bei ya katani ilishuka hata chini ya nusu, na wenye mashamba wakapunguza mishahara na watu pia. Lakini yafaa kukumbuka ni watu gani waliokuwapo mashambani siku zile. Wengi walikuwa vijana wa kutoka mbali, waliokuja kwa muda, kila mmoja na kipande chake cha kazi ya siku 30. Na wale walioandikwa kwa mkataba na kupewa namba waliitwa manamba. Kazi ilipopungua walirudi kwao, wakakuta jembe na shamba la baba. Walioona taabu zaidi walikuwa wazee waliobaki nyumbani, ambao hawakupata kuuona mkonge kwa macho: walizoea kungoja fedha za kijana kwa kodi, kwa nguo na kwa mahari ya ndugu yake, na sasa kijana alirudi mikono mitupu. Hata hivyo chakula hakikutoka London, na nyumba haikuwa mali ya tajiri wa shamba.

Kisha mambo yaligeuka. Mwaka 1942 Wajapani waliziteka Ufilipino na Java, nchi zilizokuwa zikitoa nyuzi za namna hii, na katani ya Afrika ya Mashariki ikahitajiwa sana kwa vita. Watu wengine walipelekwa mashambani kwa amri ya Serikali, na mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikia watu, iliyojulikana kwa jina la Silabu. Mwaka 1951, kwa sababu ya vita vya Korea, bei ya tani moja ilipita paundi 200, na katani peke yake ilileta zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote zilizouzwa nje ya Tanganyika.

Katika miaka hiyo ya neema ndipo ilipopandwa mbegu ya taabu ya baadaye, wala hakuna aliyeiona. Wengi wa vijana hawakurudi tena kwao. Walioa, wakajengewa vyumba kambini, wakazaa watoto ambao lugha yao ilikuwa Kiswahili na mji wao ulikuwa shamba la mkonge. Barua za nyumbani zilipungua. Mtu aliyefika mwaka 1935 akiwa na miaka 20 alikuwa na miaka 45 mwaka 1960, na shamba la baba yake lilikwisha gawanywa kwa wengine.

Anguko la pili lilianza mwaka 1964, mwaka ule ule ambao nchi ilitoa katani nyingi kupita miaka yote, karibu tani 230,000. Brazil ilikuwa ikiuza katani nyingi kwa bei rahisi. Na baadaye zikatokea nyuzi zitengenezwazo kwa mafuta yachimbwayo ardhini, ambazo hazihitaji mvua wala mkataji. Kufika mwaka 1967 bei ilikuwa imeshuka karibu nusu. Tena kabla ya hapo, mwaka 1963, ilianza kushika amri ya Serikali ya kima cha chini cha mshahara. Amri ile ilikuwa ya haki, maana mishahara ya mashamba ilikuwa midogo mno. Lakini wenye mashamba waliijibu kwa kuandika watu wachache na kuwadai kazi zaidi. Aliyekuwa ndani alipata nafuu, na aliyekuwa nje akakuta mlango umefungwa.

Sasa msomaji na aangalie jinsi pigo lilivyopita kutoka umri hata umri. Mkonge si kama mahindi. Ukipandwa hungojewa miaka miwili au mitatu kabla ya jani la kwanza kukatwa, kisha hukatwa miaka saba au zaidi, hata utoe mlingoti wake na kufa. Kwa hiyo bei ikianguka, mwenye shamba haachi kukata, kwa sababu majani yamekwisha kumgharimu fedha. Jambo la kwanza analoacha ni kuandika watu wapya, na hili humwangukia kijana. Jambo la pili ni kupanda na kupalilia, kazi ambazo hupewa wanawake na watu wasio na nguvu za kukata. Mkataji hodari, na fundi wa korona, ile mashine ya kusaga majani ili nyuzi zitoke, hao hubaki kazini miaka kadhaa, wakidhani kwamba hatari imekwisha kupita. Lakini shamba lisilopandwa upya linahesabu siku zake. Milingoti ikisimama juu ya mkonge wote, hapana la kukatwa, na korona inanyamaza.

Kijana basi hupigwa mapema, lakini hupigwa akiwa mwepesi. Hana mzigo, aweza kupanda gari kwenda Dar es Salaam, au kujifunza kazi nyingine. Wako waliosema kwamba vijana wa miaka ile walikuwa wavivu, hawataki kushika panga. Sisi twaona sivyo: waliona baba zao wakitoka gizani alfajiri kwenda kukata matita ya majani 30, tita baada ya tita, kwa mshahara uliokuwa haufiki mwisho wa mwezi, wakafanya hesabu yao.

Mtu wa makamo hupigwa akiwa amechelewa. Ufundi wake ni wa mkonge tu: ajua kuchagua jani, ajua sauti ya korona ikiwa imeharibika, ajua kupanga nyuzi daraja kwa daraja katika chumba cha brashi. Ujuzi huo ni wa kweli, lakini nje ya shamba hauna mnunuzi. Tena watoto wake wamo shuleni hapo hapo, na chumba anacholala ni cha kazi, si chake. Akipoteza kazi apoteza na paa.

Ama mzee, habari yake ni nzito kuliko zote. Mfuko wa Akiba wa wafanya kazi uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1964. Aliyeanza kazi mwaka 1935 na kuachishwa mwaka 1968, hata kama aliingizwa tangu siku ya kwanza, alikuwa na akiba ya miaka minne tu. Miaka yake mingine yote, iliyokuwa ya nguvu zake, haikuwamo katika daftari. Akaambiwa arudi kwao. Kwao wapi? Wamakonde wengi walikuwa wametoka Msumbiji, na huko vita vya kupigania uhuru vilidumu toka 1964 hata 1974. Warundi na Wanyarwanda nao walisikia habari za damu kutoka makwao. Wengi walibaki karibu na kambi, wakilima vipande vidogo pembeni mwa mkonge kwa ruhusa isiyoandikwa.

Mwaka 1967 Serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba. Wengine wamesema kwamba hilo peke yake ndilo lililoua mkonge, na hakika usimamizi ulikuwa na makosa yake. Lakini bei ilikwisha kuanguka kabla, na ile nyuzi ya mafuta haikuuliza shamba ni la nani. Miaka ya mwisho ya 1990 katani yote ya nchi ilikuwa kama tani 20,000 kwa mwaka. Tangu 1964 kijana aliyekuwa hajazaliwa alikuwa mtu mzima, na wazee wengi walikuwa makaburini.

Mashamba ya Serikali yalipouzwa mwishoni mwa miaka hiyo, ulianza mpango mwingine katika wilaya ya Korogwe, huko Hale, Magoma, Ngombezi na kwingineko. Watu wa vijijini, na miongoni mwao waliokuwa wafanya kazi wa zamani, walipewa sehemu za ardhi ndani ya mashamba makubwa wapande mkonge wao wenyewe, na majani yakapelekwa katika korona ya kampuni. Kwa mara ya kwanza mkataji wa zamani alipata kipande cha ardhi katika shamba alilolitumikia. Lakini hapa pia umri una neno lake. Mzee anao ujuzi wote, na hana nguvu za kukata wala hakika ya kuiona ekari yake ikichakaa. Kijana anazo nguvu, na hana fedha za kumweka hata mwaka wa tatu. Ndiyo sababu katika miaka ya mwanzo nafasi iliyo kati ya mistari hupandwa mahindi na maharage, wakati mkonge ungali mdogo na kivuli chake hakijaziba ardhi. Mwenye nyumba ya watu wa rika mbili, baba wa kuelekeza na mwana wa kushika panga, ndiye aliye na nafasi njema ya kungoja jani la kwanza.