Mama, tua mzigo kwenye daftari

Mwanamke wa Sirisia anaandika kila siku, ila mwenyewe hajihesabu kuwa mwandishi. Mwenye kioski ana daftari la madeni: nani kachukua unga, nani kalipa nusu. Mweka hazina wa chama ana daftari la michango na mikopo. Anayeuza maziwa ana kikaratasi cha lita, kimefungwa kwenye pindo la leso. Kila shilingi ina mahali pake. Kisicho na mahali ni kile kinachomweka macho saa nane za usiku: karo ya muhula ujao, kikohozi cha mtoto mdogo, neno alilotupiwa na wifi yake, palizi ambayo haijaanza na mvua haimngoji mtu.

Mimi ni mtu wa Pwani. Kazi ya mume wangu ndiyo iliyotuleta huku Kaunti ya Bungoma, chini ya Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Uganda. Huku lugha ya nyumbani ni Kibukusu na salamu ni mulembe, lakini uchovu wa mama ni ule ule niliouacha Likoni na Kisauni. Kwa hivyo ninayoeleza leo ni kwa kina mama wa huku na wa kwetu pia: kuandika ya moyoni, dakika chache kwa siku, ili kichwa kipumue.

Vitabuni huitwa kuandika shajara, na mtaani wengi husema dayari. Mimi nitasema daftari tu, kwa sababu ndilo mama alilo nalo tayari. Hahitaji kununua kitabu chenye jalada la maua. Daftari la shule lenye kurasa 96 latosha, au hata kurasa za nyuma za daftari ambalo mtoto hakulimaliza.

Mzigo usioonekana

Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, lilipopima mwaka 2021 jinsi Wakenya wanavyotumia saa zao, lilikuta kuwa wanawake hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa. Na hizo ni kazi za mikono, ambazo mtu aweza kuzihesabu. Kazi ya kichwa haihesabiki. Mama aweza kuwa ameketi akichambua mboga, ukadhani amepumzika, kumbe anapanga: sare ya nani imechanika, kliniki ya mtoto ni lini, gesi au makaa yatafika Ijumaa, nani amuombe nauli.

Kichwa kina tabia moja. Jambo ambalo halijamalizika hukirudia tena na tena, kikichelea kulisahau. Ndiyo maana mtu hulala akiwa hoi, na taa ikizimwa usingizi hukimbia. Akiliandika, kichwa hupata ruhusa ya kuliacha, kwa sababu sasa liko mahali.

Haya yamepimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, wakiongozwa na Michael Scullin, walichapisha jaribio walilofanya kwa vijana 57 waliolala kwenye maabara ya usingizi. Kabla ya kuzima taa kila mmoja aliandika kwa dakika 5. Kundi moja liliandika mambo yanayowangoja siku zijazo, kundi jingine liliandika waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika yanayowangoja walipata usingizi kama dakika 9 mapema kuliko wenzao, na kadiri orodha ilivyokuwa na undani ndivyo mwenyewe alivyolala upesi.

Kuandika kinachouma

Orodha ya kesho husaidia usingizi. Kuna aina ya pili ya kuandika, nayo ni nzito zaidi. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, pia wa Marekani, walichapisha utafiti wa wanafunzi 46 wa chuo walioandika dakika 15 kila siku kwa siku 4 mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida tu. Wengine waliandika jambo lililowaumiza zaidi maishani. Hawa wa pili walimaliza kuandika wakiwa na huzuni kuliko walivyoanza. Lakini katika miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zao ndio waliokwenda kliniki ya chuo mara chache zaidi.

Tusitie chumvi. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146 za aina hii akazipima pamoja. Alikuta faida ipo, lakini kwa wastani ni ndogo. Daftari si dawa ya kila kitu. Ni kama kikombe cha maji kwa aliyetembea juani: hakiondoi safari, ila chamwezesha kuendelea.

Pennebaker aliendelea kuchunguza maandishi yenyewe, akaona jambo la maana kwetu. Walionufaika zaidi si wale waliorudia lalamiko lile lile kila siku. Ni wale ambao maneno yao yalibadilika siku baada ya siku, wakaanza kuandika "kwa sababu", "sasa naelewa", "kumbe".

Nimeliona hilo hapa Sirisia kwa jirani yangu mmoja anayeuza ndizi. Alianza kwa kuandika mstari mmoja kila usiku: leo nimewafokea watoto. Baada ya wiki kadhaa alirudi nyuma akasoma, akaona siku za kufoka hazikutawanyika ovyo. Zote zilikuwa siku moja au mbili kabla ya kutoa mchango wa chama, na alikuwa kwenye vyama viwili. Tatizo halikuwa watoto. Alimaliza mkopo wa chama kimoja akaaga kwa heshima, akabaki na kingine. Watoto wake ni wale wale na kelele zao ni zile zile. Kilichopungua ni hofu yake ya siku ya mchango.

Hilo ndilo daftari linaloweza kufanya. Linageuza "nimechoka" kuwa "nachoka siku fulani, kwa sababu fulani", na sababu ikijulikana huweza kuguswa.

Je, si mambo ya Wazungu?

Nimeulizwa hivyo, na jawabu liko Pwani kwetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa. Aliketi akamwandikia binti yake utendi ambao hadi leo twausoma. Wengi twaukumbuka kwa mawaidha ya ndoa, tukasahau kuwa ni mama mgonjwa aliyeitua hofu yake juu ya mwanawe kwa kalamu.

Na yuko Sayyida Salme, binti ya Sayyid Said wa Zanzibar. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wakati ule mwanamke hakufunzwa kuandika. Njia aliyoichukua baadaye maishani si mada yetu leo. Mwaka 1870 mumewe alifariki Ujerumani, akabaki ugenini na watoto watatu. Kitabu chake kilichotoka 1886 kilianza kama maandishi ya kuwaachia wanawe. Mwenyewe aeleza kuwa alipoanza alikuwa amechoka mwili na akili, na hakutarajia kuishi awaone wamekua.

Upande wa dini, wapo wanaochelea kuwa kuandika dhiki ni kukosa subira. Nabii Yaaqub, aleyhi ssalaam, alimlilia mwanawe hadi macho yakawa meupe. Katika Suratu Yusuf anasema kuwa dhiki na huzuni yake anaishitakia kwa Allah. Hakulaumiwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani yatuamrisha kuandika madeni ili haki isipotee. Na wazee wetu wametufunza muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake kabla ya kuhesabiwa. Daftari la usiku laweza kuwa muhasaba wenyewe: leo nimefanya nini, nimemkosea nani, nimshukuru Mola kwa lipi.

Namna ya kuanza

Chagua wakati ambao tayari ni wako. Kwa wengi ni baada ya swala ya Isha watoto wakilala, au baada ya Alfajiri kabla ya kuwasha moto. Ukingoja wakati upatikane, hautapatikana.

Kila usiku, dakika 5: andika ya kesho kwa undani. Usiandike "karo". Andika "kumpigia mwalimu, kuuliza kama atapokea nusu". Kisha ongeza mstari mmoja wa shukrani ya jambo la siku hiyo hiyo.

Wiki ambayo kuna jambo linakukaba, jipe dakika 15 kwa siku 4 mfululizo. Andika lilivyotokea, ulivyohisi na kwa nini. Usijali hati wala tahajia, na changanya Kiswahili, Kibukusu, Kimvita, upendavyo. Kama jambo ni zito mno hata mkono watetemeka, liache. Andika jepesi kwanza.

Asiyejua kuandika asikatwe na faida hii. Simu nyingi hurekodi sauti. Sema dakika 5 ukiwa njiani kutoka shambani, kisha ufute.

Kutafuta pa kuficha

Hapa ndipo kina mama wengi hukwama. Nyumba ni ya vyumba viwili, sanduku halina kufuli, na akilisoma mtu itakuwa fitina. Hofu hiyo ni ya haki, tena siri za ndoa ni amana. Kwa hivyo usitaje majina. Weka daftari pamoja na yale ya hesabu, ambayo hakuna anayeyafungua. Na ukurasa ukiwa wa moto, jiko la kuni liko hapo: andika, soma mara moja, choma. Faida iko katika kuandika zaidi kuliko kuhifadhi.

Nanyi kina baba, hili lawahusu. Mkeo akiomba robo saa, mshike mtoto. Na daftari lake usilifungue. Usingependa naye akupekue simu.

Pale daftari lisipotosha

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya 100 waliojifungua hupata maradhi ya akili, hasa sonona. Kama wiki mbili zimepita na usingizi hauji, chakula hakipandi, mtoto humtazami, au unaandika kuwa ni heri usingekuwepo, usigeuze ukurasa mwingine. Mwambie mtu unayemwamini usiku huo huo, na asubuhi mwende hospitali iliyo karibu, iwe Sirisia au Likoni. Sonona ni maradhi kama malaria, na yana tiba.

Na kama kinachokuumiza ni mkono wa mtu, daftari halitauzuia. Piga 1195, ni bure, mchana na usiku.

Kwa wengine waliobaki, ambao ni wagonjwa wa kuchoka tu, usiku wa leo watosha kuanza. Watoto wakilala, chukua kalamu, andika mambo matatu yanayokungoja kesho, kisha zima taa. Hata deni la nusu kilo ya sukari lina ukurasa wake kwenye kioski. Nawe upate wako, Inshallah.