Keneli Inayoona Umbali Pekee

Embu hupata upepo wenye unyevu kutoka Bahari Hindi. Nanyuki, ng'ambo ya pili ya Mlima Kenya, iko kwenye kivuli cha mvua. Ukiwa Nyeri, miji hiyo yote miwili iko kilomita hamsini na kitu kwa mstari mnyoofu. Mkulima hawezi kuifananisha. Programu inayotazama umbali pekee inaweza.

Juni 2015, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapo Nyeri, kilikuwa mwenyeji wa mafunzo ya Data Science Africa. Miongoni mwa waandaaji walikuwa Ciira wa Maina wa chuo hicho na Neil Lawrence, ambaye kundi lake la Sheffield, Uingereza, lilitengeneza GPy, maktaba ya Python ya kukadiria thamani mahali pasipopimwa. Moyo wa GPy ni keneli: kanuni ya kusema vipimo viwili vinahusiana kiasi gani.

Klasi mama ni Kern. Chini yake ipo Stationary, inayopima umbali r kisha kuita K_of_r. Yenyewe haina jibu. Klasi zake tanzu, kama RBF na Matern32, kila moja huandika K_of_r yake, fomula fupi tu, na mengi yaliyobaki huyarithi.

Python hukuruhusu pia kubandika mbinu mpya programu ikiwa inaendelea. Tuseme umeandika funksheni yako, ripoti. Andika Stationary.ripoti = ripoti, na RBF na Matern32 zinaipata papo hapo, hata objekti zilizoundwa awali, kwa kuwa mbinu hutafutwa inapoitwa: kwenye objekti, kwenye klasi yake, kisha kwa wazazi. Ukiibandika kwenye RBF, Matern32 haiioni. Kwa majaribio ya jioni, sawa. Kwa kazi ya pamoja siipendi: mwenzako akiuruka mstari ule, anakutana na AttributeError asiyojua ilikotoka.

Na hata ukibandika ripoti kumi, RBF bado imerithi dhana ya Stationary kwamba umbali ndio kila kitu. Kuiepuka, rithi moja kwa moja kutoka Kern na uandike K, Kdiag na hesabu za mteremko mwenyewe. Kazi hiyo si ndogo. Mimi ningebaki na RBF, niongeze wastani wa mvua ya mwaka wa kila kituo cha vipimo kama safu ya tatu ya data, kando ya mahali kilipo. Usisahau ARD=True, la sivyo kilomita na milimita zitapimwa kwa rula moja.