Mama Lishe, Umepimwa Afya?

Kando ya Ziwa Victoria kuna mialo mingi. Kuna mwalo wa Kirumba mjini Mwanza. Kuna Igombe na Kayenze. Iko pia mialo ya Ukerewe na Sengerema. Penye mwalo pana watu, na penye watu pana njaa. Ndiyo maana kila mwalo una mama lishe na baba lishe wake. Wanapika uji, chapati, ugali wa muhogo, sangara, sato na dagaa. Mvuvi aliyekesha ziwani hula hapo. Mchukuzi wa magunia naye hula hapo.

Kazi hii ni ya heshima. Inalipa ada za shule na kujenga nyumba. Lakini ni kazi inayogusa uhai wa watu wengi. Kwa hiyo mwuza chakula anatakiwa awe na vitu viwili. Cha kwanza ni cheti cha kupimwa afya. Cha pili ni leseni au kibali cha biashara. Wauzaji wengi hukimbilia cha pili, wakakisahau cha kwanza. Husema, "Mimi ni mzima, sina homa, nipimwe nini?"

Ndugu msomaji, swali hilo ni zuri. Tulijibu kwa habari ya kweli.

MPISHI ALIYEKUWA MZIMA

Huko Marekani, katika mji wa New York, alikuwako mpishi mmoja jina lake Mary Mallon. Alikuwa hodari wa kupika. Alikuwa na nguvu, wala hakujisikia mgonjwa. Mwaka 1906 alipika katika nyumba moja yenye watu 11. Watu 6 kati yao wakaugua homa ya matumbo, yaani taifodi. Mchunguzi alipofuatilia, aliona kwamba nyumba nyingi alizopika mama huyo ziliingiwa na taifodi. Alipomwomba apimwe, Mary alikasirika. Alimfukuza mchunguzi kwa uma wa jikoni.

Mwaka 1907 alipimwa kwa lazima. Choo chake kikakutwa na vijidudu vya taifodi. Alitengwa kisiwani. Mwaka 1910 aliachiliwa baada ya kuahidi kwamba hatapika tena. Lakini alibadili jina, akarudi jikoni. Mwaka 1915 watu 25 waliugua katika hospitali ya akina mama alimokuwa akipika. Wawili wakafa. Alirudishwa kisiwani, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1938.

Mary hakuwa mchawi, wala hakukusudia kuua mtu. Hakuamini tu kwamba mtu mzima anaweza kubeba ugonjwa. Lakini inawezekana. Mtu akipona taifodi, vijidudu vinaweza kubaki tumboni mwake kwa miaka. Yeye haumwi, lakini wanaokula chakula chake wanaumwa. Macho hayawezi kumtambua mtu huyo. Kipimo ndicho kinachomtambua.

VIJIDUDU HUPITA WAPI?

Vijidudu vya taifodi, kipindupindu na kuhara damu hutoka katika kinyesi cha mtu. Huingia kwa mtu mwingine kwa njia ya kinywa. Njia yenyewe ni fupi. Mpishi anatoka chooni. Hanawi kwa sabuni. Anakanda unga wa chapati. Mteja anakula.

Njia nyingine ni maji. Katika mialo mingine watu hujisaidia vichakani au majini. Mvua ikinyesha, uchafu wote huteremkia ziwani. Kisha mtu huchota maji yaleyale na kuoshea sahani. Maji ya ziwa yanaweza kuonekana maangavu, kumbe yana vijidudu.

Njia ya tatu ni nzi. Nzi hutoka chooni na kutua juu ya samaki asiyefunikwa.

UCHAFU WA MMOJA, HASARA YA WENGI

Kipindupindu kiliripotiwa Tanzania katika miaka ya 1970. Katika mwaka 1977 na 1978 kiliua watu wengi.  Mwezi Agosti 2015 kilianzia Dar es Salaam na kuenea mpaka mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kiliripotiwa tena mkoani Mwanza. Ugonjwa huu ukiingia, vibanda vya chakula huweza kufungwa. Aliye msafi na aliye mchafu wote hukosa riziki.

Wavuvi wetu wanayo kumbukumbu ya jambo hili. Mwaka 1998 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Sababu ilikuwa kuogopa kipindupindu. Viwanda vya minofu vya Mwanza vilipoteza soko hilo kwa muda. Kiwanda kisipouza, hakinunui. Hasara ikamfikia mvuvi mwenye mtumbwi mmoja. Basi usafi ni sehemu ya biashara, kama mtaji ulivyo.

CHETI HUPATIKANA VIPI?

Nenda kituo cha afya au hospitali ya serikali. Sema kwamba wewe ni mwuza chakula na unataka kupimwa. Utaulizwa kama una kikohozi cha muda mrefu. Ngozi yako itatazamwa kama ina vidonda. Choo chako kitapimwa, na vipimo vingine kadiri mganga atakavyoona.

Kipimo hurudiwa kila baada ya miezi 6. Cheti cha mwaka juzi hakimlindi mteja wa leo. Msaidizi wako anayeosha vyombo naye apimwe. Binti yako anayekusaidia kupakua naye apimwe.

Je, ukikutwa na ugonjwa, ndiyo mwisho wa biashara? Hapana. Zamani za Mary Mallon dawa za taifodi hazikuwako. Leo zipo. Utatibiwa, utapimwa tena, na ukipona utarudi jikoni. Kwa siku hizo chache usipike wala usipakue chakula.

Wengine huogopa kupimwa kwa sababu ya Ukimwi. Ndugu, Ukimwi hauambukizwi kwa kupika wala kwa kula chakula. Hofu hiyo isikuzuie.

NA LESENI JE?

Nchi yetu ina Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Mwenye mgahawa hupata leseni katika halmashauri yake. Fuata hatua hizi:

1. Pata Namba ya Mlipa Kodi katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato. Namba hiyo hutolewa bure.

2. Mwite afisa afya wa kata aje kutazama mahali pako. Usingoje mpaka aje kwa kushtukiza.

3. Nenda kwa afisa biashara wa halmashauri. Ataeleza ada yako na fomu unazotakiwa kujaza. Kama huwezi kutumia mtandao, mwombe akuelekeze.

4. Ukilipa, dai stakabadhi. Malipo yasiyo na stakabadhi ni fedha iliyopotea.

5. Andika tarehe ya mwisho ya leseni yako ukutani. Leseni iliyopitwa na tarehe haitumiki.

Na mwenye biashara ndogo sana je? Tarehe 10 Desemba 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo. Vilikuwa vya wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka, na kila kimoja kililipiwa shilingi 20,000. Tangu wakati huo utaratibu umeendelea kubadilika. Kwa hiyo muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako utaratibu wa sasa. Lakini kumbuka jambo moja. Kitambulisho hukuruhusu kuuza. Hakiui vijidudu. Aliye nacho bado anatakiwa kupimwa afya na kuwa msafi.

BWANA AFYA ANATAZAMA NINI?

Wako wauzaji wanaofunga vibanda wakisikia bwana afya anakuja. Lakini anachotafuta kinajulikana, na kingi hakihitaji fedha nyingi. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa kazi ya kukagua mahali pa chakula. Jitazame mwenyewe kabla yake:

- Je, kuna choo karibu, na kina mlango na maji?
- Je, kuna kibuyu chirizi na sabuni ya kunawia? Dumu dogo, kamba na kijiti vinatosha.
- Je, maji ya kunywa yamechemshwa na kufunikwa?
- Je, vyombo hukauka juu ya kichanja, au vimelazwa chini?
- Je, chakula kimefunikwa kwa kawa?
- Je, kuna shimo au pipa la taka lenye mfuniko?
- Je, kucha ni fupi na nguo ni safi?

Kama jibu ni ndiyo kwa yote, huna sababu ya kukimbia. Kama jambo moja limepungua, mwulize akufundishe namna ya kulitengeneza.

Wateja nao wana wajibu. Mteja asiyenawa huleta ugonjwa kibandani. Tena mteja ana haki ya kuuliza, "Mama, cheti chako kiko wapi?" Mama mwenye cheti hatachukia. Ataonyesha ukutani.

Mwaka 1973 wananchi wengi walijifunza katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walichimba vyoo na kusafisha visima kwa mikono yao. Kazi ile haijaisha. Mwuza chakula anayepimwa na kunawa mikono anaiendeleza kila siku, kwa kila sahani anayopakua.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu asiyeumwa anaweza kuwaambukiza wengine taifodi?
2. Katika mwalo wenu, wauza chakula wangapi wana vyeti vya afya ambavyo havijapitwa na tarehe?
3. Je, choo kilicho karibu na mwalo wenu kinawatosha watu wote? Kama hakitoshi, mtafanya nini pamoja, na mtaanza lini?