Gazeti la Muziki kwa Vijana: Lugha yake na Mpango wa Kurasa zake, kwa Kutazama Nchi ya Ufipa

Wataalamu wa Kiswahili wameyapa mashairi ya kale heshima yanayostahili: wameyakusanya, wakayahariri, wakayafafanua. Nyimbo za vijana zipigwazo redioni hazikupata bahati hiyo mapema, ingawa ndizo maneno ya Kiswahili yanayosikilizwa kuliko mengine yote na watu wenye umri wa miaka 13 hadi 19. Makala haya yakusudia kueleza jinsi gazeti la muziki liwezavyo kutengenezwa kwa ajili ya vijana hao, na ni mambo gani ya lugha yanayomkabili mhariri wake. Ili maelezo yasielee hewani, tutamtazama msomaji mmoja maalumu, naye ni kijana wa Sumbawanga na wa vijiji vya Ufipa.

I. Kwa nini Ufipa

Ufipa ni nchi ya juu iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mji wake mkuu, Sumbawanga, umekuwa makao ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 1974. Sehemu ya kaskazini ilitengwa mwaka 2012 ikawa Mkoa wa Katavi. Kutoka Dar es Salaam, yanakochapwa magazeti mengi ya nchi, hadi Sumbawanga ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara.

Lakini umbali ulio mkubwa zaidi ni wa lugha. Wenyeji husema Kifipa, na jirani zao husema Kimambwe, Kirungu na Kinyiha. Mjini watoto wengi hukua na Kiswahili tangu utotoni. Kijijini aghalabu Kiswahili ni lugha ya pili, ipatikanayo shuleni, kanisani na sokoni. Kijana huyo husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha akibahatika kuingia Kidato cha Kwanza hukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Asiyebahatika hurudi shambani, na mara nyingi hana tena kitu cha kusoma ila vitabu vya dini na karatasi za matangazo. Kwa hiyo wote wawili, aliyeendelea na aliyebaki, huacha kusoma Kiswahili katika umri uleule ambao lugha ingeanza kukomaa ndani yao. Gazeti la muziki ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo wangevisoma pasipo kulazimishwa na mtu. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Si la burudani peke yake.

II. Mifano iliyotangulia

Magazeti ya namna hii yalienea Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili. Huko Ujerumani Bravo lilianza mwaka 1956. Nchini Ufaransa Salut les copains lilianza mwaka 1962, nalo lilizaliwa na kipindi cha redio cha jina hilohilo kilichoanza mwaka 1959. Nchini Uingereza Smash Hits lilianza mwaka 1978, likapata wasomaji wengi kwa jambo dogo sana: lilichapa maneno ya nyimbo. Lilikoma mwaka 2006, wakati vijana walipokuwa wamekwisha anza kuyapata maneno hayo kwa njia ya intaneti. Mifano hiyo yatufundisha mambo mawili: gazeti la muziki husitawi likishikamana na redio, nalo hufa likitegemea kitu ambacho msomaji aweza kukipata upesi mahali pengine.

Katika Afrika ya Mashariki, Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwazoeza wasomaji kupeleka mashairi yao na kuyaona yamechapwa. Karibu na siku zetu, shirika la Femina HIP lilianza mwaka 1999 mjini Dar es Salaam kutoa gazeti la vijana lililokuja kuitwa Fema, likagawiwa katika shule za sekondari. Na mwaka 2003 likaongeza Si Mchezo! kwa vijana wa vijijini walio nje ya shule, lenye hadithi za picha na sentensi fupi. Nchini Kenya kitabu cha katuni kiitwacho Shujaaz kilianza mwaka 2010, kikaandikwa kwa Sheng, na mhusika wake mkuu ni kijana anayetangaza redio kwa siri. Hayo si magazeti ya muziki hasa, bali yamekwisha jibu swali ambalo mhariri wa muziki hawezi kulikwepa: je, tuwaandikie vijana kwa lugha gani?

III. Lugha ya gazeti

Muziki wenyewe umelitatua swali hilo kwa njia yake. Saleh Jabir alipotoa kanda ya Swahili Rap mwaka 1991, alionyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba mtindo uliotoka Marekani. Baada yake wakaja Kwanza Unit, Mr. II, Professor Jay na wengine wengi, na jina la Bongo Fleva likaenea katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Jina hilo lenyewe lina fumbo, kwa maana Bongo, neno litokanalo na ubongo, ni jina la utani la Dar es Salaam, mji ambamo mtu haishi ila kwa akili. Kijana wa Ufipa, basi, hupokea muziki ambao hata jina lake ni la mji mwingine.

Maneno ya mitaani, ambayo Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling waliyakusanya na kuyaeleza katika kazi yao ya mwaka 2006, yafaa yagawanywe mafungu matatu na mhariri wetu. Fungu la kwanza ni maneno ya kazi: kuchana (kuimba kwa kusema upesi), mistari (maneno ya wimbo), biti, kolabo. Haya hayana badala yaliyo bora, na gazeti halina budi kuyatumia. Fungu la pili ni maneno ya urafiki na sifa, kama vile poa, bomba na mshikaji. Haya yamekwisha enea nchi nzima, lakini huchakaa upesi. Neno lililokuwa jipya mwaka huu huwa la kuchekesha baada ya miaka mitano. Fungu la tatu ni maneno ya kuficha, yaliyoundwa makusudi ili asiyehusika asielewe. Hayo ndiyo yenye hatari.

Tutoe mfano wa neno ngoma. Mzizi wake umeenea katika lugha nyingi za Kibantu, hata msomaji wa Ufipa haoni ugeni ndani yake. Katika Kiswahili ni chombo kipigwacho, tena ni mchezo wenyewe, tena ni mkusanyiko wa watu. Na vijana wa leo huita wimbo wowote uliorekodiwa ngoma. Mhariri angeweza kudhani kwamba amepata jina zuri la gazeti, fupi, la asili, lisomekalo kwa mbali. Lakini mitaani neno hilohilo limetumika pia kwa kuutaja UKIMWI kwa mafumbo. Jalada lenye picha ya mwimbaji na chini yake maneno ya kwamba ana ngoma lingeweza kusomwa kwa namna mbili, na ya pili ingekuwa kashfa. Kwa sababu hiyo, kila jina na kila kichwa cha habari hakina budi kupimwa mbele ya wasomaji wa mahali zaidi ya pamoja kabla hakijapigwa chapa.

Kanuni ifaayo, kwa maoni yangu, ni hii. Maelezo ya mhariri yaandikwe kwa Kiswahili sanifu chenye sentensi fupi. Maneno ya mwimbaji anayehojiwa yaachwe kama alivyoyasema. Na neno la mtaani lielezwe palepale linapotokea, si katika orodha ya ukurasa wa mwisho. Kwa njia hiyo kijana wa mjini hatajiona anahubiriwa, wala kijana wa kijijini hatajiona mgeni. Wapo wasemao kwamba kuyachapa maneno hayo ni kuiharibu lugha. Lakini Kiswahili sanifu kilichoanza kusimamiwa mwaka 1930 hakikuyafuta masemi ya mitaani. Kiliwapa watu lugha ya pamoja ya kuandikiana. Gazeti liwekalo aina zote mbili katika ukurasa mmoja humfundisha msomaji tofauti yake, na kujua tofauti hiyo ni nusu ya ujuzi wa lugha.

IV. Herufi na safu

Wachoraji wengi wa kurasa hujifunza kazi yao kwa magazeti ya Kiingereza, kisha huhamisha vipimo vyake bila kufikiri. Kiswahili huunganisha viambishi vingi katika neno moja. Neno tutakapowasikiliza lina herufi 18. Ukurasa wa A4 ukigawanywa safu tatu kwa herufi za pointi 10, mstari hupata kama herufi 30 tu, na neno hilo peke yake hula zaidi ya nusu ya mstari. Mpigaji chapa akitaka kingo zote mbili zinyooke, mapengo meupe hutokea kati ya maneno, na msomaji asiye hodari hupotea. Safu mbili, zenye mstari wa herufi 45 hivi, na ukingo wa kulia ulioachwa bila kunyooshwa, zafaa zaidi.

Jambo la pili ni kukata neno mwishoni mwa mstari. Silabi ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, na sauti kama mb, nd, nz hufuata irabu iliyo mbele yake. Hivyo hukatwa nyi-mbo, ka-nda, mape-nzi. Programu ya kompyuta iliyowekwa kwa kanuni za Kiingereza hukata nyim-bo, kan-da, mapen-zi, na jicho la mtoto aliyefundishwa kusoma kwa silabi hukwama hapo. Kadhalika ng' haikatwi kamwe, wala alama yake isidondoshwe katika vichwa vya herufi kubwa.

Jambo la tatu ni tahajia. Fleva na Flava zote huandikwa. Ya kwanza yakaribia matamshi, ya pili yafuata maandishi ya Kimarekani. Gazeti lichague moja, kisha liishike. Ama majina ya waimbaji, yaandikwe kama wenyewe wayaandikavyo.

V. Maneno ya nyimbo

Kuchapa maneno ya wimbo kwahitaji ruhusa ya mwenye wimbo, kama sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ielezavyo. Ruhusa ikiisha kupatikana, lipo swali la mpango. Shairi la jadi hujipanga lenyewe: mizani 16 katika mshororo, yaani 8 na 8, na vina vya kati na vya mwisho vyaonekana kwa jicho. Mistari ya kuchana haina mizani thabiti. Kinachoifunga ni mapigo na kina cha mwisho. Mstari mrefu ukivunjwa kwa sababu ya wembamba wa safu, kina chake hujificha katikati, na msomaji huona maneno matupu. Kwa hiyo ukurasa wa nyimbo upangwe kwa kuufuata mstari ulio mrefu kuliko yote, na kiitikio kichapwe mara moja tu.

Simu za mkononi zimekwisha twaa kazi ya kupeleka nyimbo upesi, na gazeti halitazishinda kwa mwendo. Lakini simu haimwambii msikilizaji maana ya fumbo, wala nani alilitumia kwanza. Gazeti laweza kumwambia, kisha likamwalika naye atunge, kama Mambo Leo lilivyofanya.

VI. Ufipa katika kurasa

Muziki wa vijana wa Ufipa si ule wa Dar es Salaam tu. Misheni ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, iliingia mikononi mwa Mapadre Weupe mwaka 1885, na kwaya za Kikatoliki zimekuwa shule ya muziki kwa vizazi vingi. Gazeti lisilo na ukurasa wa kwaya litakuwa limewaacha nje waimbaji walio wengi. Vilevile yapo masimulizi: Roy Willis, aliyekusanya sanaa ya usemi ya Wafipa, aliichapisha mwaka 1978. Ukurasa mmoja wa wimbo au hadithi ya Kifipa, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili, ungemwonyesha kijana kwamba lugha ya nyumbani nayo yastahili wino.

Hata tarehe za kutoa gazeti zafuata nchi. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na njia za kushuka Bonde la Rukwa huwa ngumu. Mahindi huvunwa baadaye, na fedha huonekana nyumbani katika miezi ya baridi. Toleo kubwa la mwaka, basi, litoke Julai. Kurasa 32, kwa kuwa karatasi hukunjwa kwa kurasa 16, zatosha: zaidi ya hapo bei humshinda msomaji tuliyemkusudia.

Kipimo cha mwisho ni chepesi. Nakala ya majaribio ipewe vijana wachache wa mjini Sumbawanga na wachache wa Laela, kisha kila mmoja aombwe kusimulia kwa maneno yake alichokisoma. Wa mjini akisimulia vema na wa kijijini akanyamaza, lawama isiwekwe juu ya msomaji wala juu ya Kifipa chake. Kurasa hizo zirudishwe kwa mhariri, azipange na kuziandika upya.